Kumuongeza ndugu kwenye hati ya taimusheya: ya kuangalia kabla hujaenda kwa notari

Wadau wa huku Marekani, hasa nyie mliokaa kwenye kile kikao cha "dakika 90 tu" pale Orlando, mkaahidiwa tiketi za bure na mkatoka na taimusheya mkononi (yaani mmenunua muda wa kukaa kwenye nyumba ya likizo, kama wiki moja kila mwaka, mnachangia na wenzenu), hii inawahusu. Miaka imeenda, mtoto keshakuwa mkubwa, mdogo wako kahamia Dallas na familia yake, sasa unataka umuingize kwenye hati nae awe mmiliki ili siku ukiwa haupo watu wasisumbuke. Inawezekana, na wala sio kazi kubwa kihivyo, karatasi yenyewe ni kurasa mbili tatu. Shida ni kwamba ukishamuandika mtu huwezi kumtoa bila saini yake, alafu ulichompa sio likizo peke yake, umempa na deni la mentenansi, ile ada ya kutunza jengo ya kila mwaka. Kwa hiyo ntaelekeza jinsi ya kufanya, ila sehemu kubwa ntaongelea ya kabla, maana huko ndo watu wanaumia.

Mfano wangu utakuwa Florida, Orlando na Kissimmee huko. Kama yako iko Las Vegas au South Carolina utaratibu unafanana lakini fomu, ada na idadi ya mashahidi vinabadilika. Na sheria inayotumika ni ya jimbo lilipo jengo, sio jimbo unalokaa wewe. Unaishi Minnesota, jengo liko Florida, basi unafuata ya Florida, hata mwanasheria ukimtafuta awe na leseni ya huko.

Sasa swali la kwanza kabisa, una hati kweli? Maana kuna taimusheya ambayo umenunua kipande cha mali isiyohamishika, wiki fulani kwenye chumba fulani, au sehemu ya jengo ambayo wameigeuza pointi za kubukia vyumba, na hati imeandikishwa kaunti (serikali ya eneo lilipo jengo) kama ya nyumba tu. Alafu kuna ile ya haki ya kutumia, umenunua uanachama wa miaka kadhaa, jengo sio lako, hiyo haina hati ya kubadilisha kaunti, unajaza fomu za kampuni na basi. Za Mexico nyingi ziko hivyo. Katikati hapo unakuta watu kama Disney Vacation Club, wao hati ipo na inaandikishwa kaunti, ila ulichonunua kina mwisho, mfano wenye BoardWalk, moja ya rizoti zao, yao inaisha 2042 na baada ya hapo huna kitu. Unapomuandika mtoto ujue unamrithisha nini hasa.

Kulijua hili usitegemee lile folda zuri ulilopewa siku ya kununua. Ingia kwenye tovuti ya rekodi za kaunti, andika jina lako, hati itatokea. Kwa Orlando ofisi inayotunza ni Orange County Comptroller, kwa Kissimmee ni karani wa mahakama wa kaunti ya Osceola. Kuangalia ni bure. Printi hati yako ya sasa hivi, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinanakiliwa kutoka humo: majina ya wamiliki yalivyoandikwa, maelezo ya kisheria ya mali yenyewe, na namba ya rekodi.

Majina ndo ugonjwa wetu sisi. Mtu pasipoti ina majina matatu, leseni ya udereva ina mawili, siku ya kununua yule muuzaji kaandika jina la baba kama jina la katikati kwa herufi moja, alafu ukaolewa ukabadilisha. Sasa hati mpya inatakiwa ionyeshe kwamba anayetoa ni yule yule aliyepokea mwanzo. Tuseme hati ya zamani inasema Amina J. Hassan na kitambulisho chako leo kinasema Amina Juma Salim, hati mpya inabidi iseme wazi kwamba Amina Juma Salim ndiye aliyekuwa akijulikana kama Amina J. Hassan. Usiliruke hilo, la sivyo mnyororo wa umiliki unakatika pale na miaka kumi baadae mtoto akitaka kuuza anaambiwa aliyempa hajulikani. Na huyo unayemuongeza andika jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, sio lile la nyumbani, hata kama ukoo mzima unamuita Mwajuma na pasipoti inasema Asha.

Baada ya hapo angalia madeni. Kama bado unalipa mkopo wa kununulia, mkataba wa mkopo mara nyingi unakataza kuhamisha umiliki bila ruhusa ya aliyekukopesha, na wewe kumuongeza mtu ni kuhamisha sehemu. Kampuni nyingi hazitagusa karatasi zako mpaka mkopo uishe na mentenansi iwe imelipwa mpaka mwaka huu. Ushauri wangu maliza mkopo kwanza. Utaona chini huko kwamba mkopo unakuongezea na kodi pia.

Kisha piga simu rizoti, omba idara inayoshughulika na hati, sio yule wa kubuki vyumba wala yule wa mauzo. Wa mauzo atakualika kwenye kikao kingine, nakuapia. Waulize haya na uombe wakujibu kwa imeili: je wana fomu yao ya kuhamisha ndani ya familia, ada yao ni shilingi ngapi (inatofautiana sana kati ya kampuni na kampuni), je wana ile haki ya kununua kwanza kabla hujamuhamishia mtu na kama inawahusu ndugu wa damu, na je zile faida zako za mwanachama zinabaki ukishabadilisha majina. Hilo la mwisho watu hawaulizi. Kuna kampuni zinamuhesabu aliyeingia kwa kuhamishiwa kama aliyenunua mkononi kwa mtu, sio kwa kampuni yenyewe, na pointi za hadhi au haki ya kubadilishana hoteli zinapungua. Pia kama una mikataba miwili, mmoja uko kwa jina lako peke yako na mwingine umeongeza mtoto, kuna kampuni zitaihesabu kama wamiliki wawili tofauti na hutaweza kuunganisha pointi kirahisi. Afadhali ujue leo.

Sasa tuje kwa mwenyewe unayetaka kumuandika. Umemuuliza? Sio "mwanangu nakuandika kwenye ile mali ya Florida" akasema ahsante mama. Muulize huku umemuonyesha bili. Wamiliki wote kwenye hati kawaida mnadaiwa wote, kila mmoja anadaiwa bili nzima, hawezi kusema mimi nusu yangu nishalipa. Usipolipa wewe watamfuata yeye. Chama cha wamiliki kinaweza kuikamata ile wiki kisheria na kuifilisi, na jina lake likawepo kwenye kesi wakati ndo kwanza anatafuta mkopo wa nyumba yake ya kuishi. Na kinyume chake pia, akidaiwa yeye, akifilisika au akiachana na mumewe, sehemu yake ya taimusheya inaingia kwenye hesabu za watu ambao wewe hata huwajui.

Na kuna hili ambalo kwangu ndo zito kuliko yote. Mtu ambaye hayumo kwenye hati, ukifa ukamuachia taimusheya, anaweza kuikataa. Sheria ya Marekani inamruhusu mrithi kukataa mali kwa maandishi, na kwa upande wa kodi ya serikali kuu anayo miezi 9, mradi asiwe ameshaanza kuitumia. Akikataa, mentenansi haimfuati. Lakini aliyeandikwa kwenye hati ukiwa hai hana cha kukataa, ni yake tayari. Kwa hiyo ukimuandika mtoto kwa nia njema ya kumrahisishia unaweza kuwa umemfungia mlango pekee wa kutokea. Kama mtoto anaipenda Orlando na ana hela, sawa. Kama anasitasita, muache.

Mtoto wa chini ya miaka 18 usimuandike kabisa. Jina lake linaweza kukaa kwenye hati lakini saini yake haina nguvu, mkitaka kuuza mtaanza habari za mahakama na mlezi wa mali.

Kama shida yako ni kwamba ndugu aweze kwenda kulala kule bila wewe, hauhitaji hati. Rizoti nyingi zinakuruhusu kubuki kwa jina la mgeni, au kumsajili mtu kwenye akaunti awe anabuki kwa niaba yako, fomu moja tu na ukichoka nae unamuondoa. Kama shida yako ni kukwepa kufungua mirathi mahakamani, hiyo ni hoja ya kweli, kwa sababu ukifia Texas na una mali ya Florida kwa jina lako peke yako, familia italazimika kufungua mirathi Texas na nyingine ndogo Florida, na gharama za mwanasheria zinaweza kuzidi bei ya hiyo taimusheya yenyewe. Ila kwa hilo kuna njia ambazo hazimtwishi mtu mzigo leo. Nevada na Arizona unaandikisha hati inayosema fulani atachukua nikifa, na ukiwa hai unaweza kuifuta bila kumuomba mtu. Florida hawana hiyo, wao wana hati ambayo unabaki na haki zote mpaka unakufa, hata ya kuuza bila kumuuliza mtu, alafu ndo inaenda kwa uliyemtaja. Au unaiweka kwenye trasti ya familia, ule mfuko wa kisheria unaoshika mali kwa niaba ya familia, kama unayo tayari. Mwanasheria wa huko anaandika hizi kila siku.

Haya, umeamua, mtu kakubali, rizoti wamejibu. Tuandike.

Hati inayotumika sana kwa ndugu ni ya kuachia haki, wenyewe wanaiita kwitiklemu. Unasema tu: haki yoyote niliyonayo kwenye mali hii naipeleka kwa hawa. Haina udhamini wowote kwamba mali ni safi, ndo maana mgeni hawezi kununua kwa hati hiyo akiwa na akili zake, lakini baba na mwana sio neno. Upande wa watoaji andika wamiliki WOTE waliopo sasa, kama ni wewe na mke wako basi wote mnasaini, hata kama yeye hajawahi kukanyaga huko. Upande wa wapokeaji hapa ndo pa kuwa makini, jiandike na wewe tena. Watoaji: Juma na Rehema. Wapokeaji: Juma, Rehema na Salma. Ukiandika Salma peke yake kama mpokeaji umempa yote, kuanzia siku hiyo wewe ni mgeni wake.

Kisha sema mnamiliki vipi, maana hapa kuna njia mbili na tofauti yake inaonekana mtu akifa. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja wa kurithiana, mmoja akifa sehemu yake inaenda kwa waliobaki moja kwa moja, hakuna mahakama. Ya pili kila mtu ana hisa yake, akifa hisa inaenda kwa warithi wake. Florida usiposema kitu, wanachukulia kwamba ni ya hisa, hivyo maneno ya kurithiana lazima yaandikwe waziwazi kwenye hati. Mume na mke wao wana aina yao ya tatu, kama mna hiyo sasa hivi mwambie mwanasheria ailinde anapoongeza mtoto.

Kwa Waislamu fikirieni vizuri hapa. Ile ya kurithiana inapita pembeni ya mirathi yote, una watoto wanne, umemuandika mmoja kwa sababu ndo anakaa karibu na Florida, ukifa inakuwa yake nzima na wale watatu na mama yao hawana chao. Kama hukukusudia kumpa yeye zawadi ungali hai, basi ya hisa inaacha fungu lako liingie kwenye mgao kama mali nyingine. Muulize shehe wako kabla, sio familia imuulize baada.

Maelezo ya mali yanakili neno kwa neno, namba ya chumba, namba ya wiki, jina la kondo (jengo lenyewe la vyumba), kitabu na ukurasa wa rekodi, hata ile mikato ya ajabu usiirekebishe. Herufi moja ikikosewa kwenye namba ya wiki umegawa wiki ya mtu mwingine. Florida wana masharti yao ya karatasi: jina na anwani ya aliyeandaa hati, anwani za posta za wapokeaji, majina yaliyochapwa chini ya kila saini, na nafasi tupu ya inchi 3 kwa 3 juu kulia kwenye ukurasa wa kwanza ili karani apige muhuri wake. Mashahidi wawili wa saini ya mtoaji, na notari, yule anayethibitisha saini na kugonga muhuri, anaweza kuwa mmoja wao. Tangu Januari 2024 kila shahidi anwani yake ya posta lazima iwepo pia, kwa hiyo ukipakua fomu ya zamani mtandaoni ambayo haina nafasi ya anwani ya shahidi, karani ana haki ya kukurudishia.

Saini ni ya anayetoa. Anayepokea kwa sheria ya Florida kawaida hasaini hati, japo rizoti inaweza kutaka saini yake kwenye fomu zao. Kwa hiyo mdogo wako akiwa Tanga na wewe uko Atlanta, unasaini wewe Atlanta na yanaisha. Ikiwa ni kinyume, yaani mmiliki mmoja karudi nyumbani moja kwa moja na saini yake inahitajika, ubalozi wa Marekani, Msasani kwa Dar au Gigiri kwa Nairobi, wana huduma ya notari, dola 50 kwa kila muhuri, kwa miadi, na kawaida mashahidi unakuja nao mwenyewe. Usisaini nyumbani ukapeleka karatasi iliyosainiwa tayari, watakurudisha. Njia nyingine ni notari wa kwenye video, Florida wanaikubali tangu 2020, ila muulize kwanza kama kitambulisho chako cha nje mtambo wake unakisoma.

Na nimalize uvumi mmoja hapo hapo: jina kuwepo kwenye hati ya taimusheya Florida halimpi mtu viza. Afisa wa ubalozi hahangaiki na wiki yako moja ya Kissimmee.

Kuandikisha kaunti Florida ni dola 10 ukurasa wa kwanza na 8.50 kila ukurasa unaofuata. Juu yake kuna kodi ya stempu, senti 70 kwa kila dola 100 za thamani iliyolipwa. Ukimpa ndugu bure na hakuna mkopo, mara nyingi inakuwa ile ya chini kabisa, senti 70 tu. Lakini mkopo ukiwepo wanahesabu sehemu ya mkopo aliyoibeba mmiliki mpya, mfano unadaiwa 10,000 na umempa nusu, wanachukua 5,000, kodi dola 35. Tuma kwa posta na bahasha ya kurudishia yenye stempu, au tumia kampuni inayotuma kielektroniki. Kampuni za kuandaa hati zinafanya kazi nzima kwa dola mia kadhaa, na kwa mtu asiye na muda ni hela ya haki. Atakayekudai maelfu anakuona mjinga.

Upande wa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, kumuongeza mtu bure ni zawadi. Kwa 2025 uliruhusiwa kumpa mtu mmoja mpaka dola 19,000 kwa mwaka bila kujaza fomu ya zawadi, na bei halisi ya taimusheya nyingi sokoni, sio ile uliyolipa wewe, haifiki huko hata karibu. La kuangalia ni kama uliyemuongeza sio mkazi wa Marekani, siku mkiuza mnunuzi anaweza kutakiwa kukata asilimia 15 ya fungu la huyo uliyemuongeza na kuipeleka IRS kwanza.

Hati ikirudi na muhuri wa kaunti bado hujamaliza, watu wengi wanaishia hapa. Kaunti haiwaambii rizoti. Tuma kopi ya hati iliyoandikishwa pamoja na fomu yao na ada yao, alafu subiri mpaka uone majina mapya kwenye akaunti na kwenye bili. Mpaka hapo mwenzio ni mmiliki kisheria lakini akipiga simu kubuki wanamwambia hawamjui.

Wiki chache baadae utaanza kupata barua, maana rekodi za kaunti ziko wazi kwa kila mtu. Moja itafanana kabisa na ya serikali, inasema lipa ada upate nakala rasmi ya hati yako. Itupe. Karani wa Florida anakupa kopi kwa dola moja kwa ukurasa, na dola mbili zaidi kama unataka igongwe muhuri wa uthibitisho. Nyingine itasema kuna mnunuzi wa taimusheya yako anasubiri, tuma kwanza hela ya kufungia dili. Huyo hayupo, na mwambie na uliyemuongeza, kwa sababu sasa hivi na yeye jina lake liko pale na barua zitamfikia.